Vigari vya kale vya rekodi ya kasi: mwongozo wa kukusanya, chuma kwanza, boksi baadaye

Vigari ninavyovisema ni vya kuchezea, vilivyoiga magari halisi yaliyovunja rekodi za kasi. Ukiwekewa mezani kigari cha Thunderbolt, gari mojawapo la namna hiyo, kilichotengenezwa na Dinky Toys wa Uingereza, usianze kukitazama usoni. Kigeuze tumbo juu usome kilichoandikwa, kisha kilaze juu ya kipande cha kioo na uchungulie kwa ubavuni, kama seremala anavyochungulia ubao kabla ya kuununua. Pua ikiwa imenyanyuka, au mkia umepinda hata kwa unene wa ukucha, kirudishe kwa mwenyewe na umuage vizuri. Rangi ing'aavyo isikushawishi, wala boksi lisikulainishe.

Nayasema haya kwa sababu changu cha kwanza nilikinunua kwa picha tatu, zote zilizopigwa kutoka juu. Kilifika kizuri kweli. Masika ya kwanza yalipopita, rangi yake ya fedha ikaanza nyufa nyembamba, kama ganda la yai lililogongwa bila kupasuka. Mwaka uliofuata nilikiinua kufuta vumbi, pua ikabaki mkononi. Muuzaji hakunidanganya hata neno moja. Ni mimi sikuuliza.

Basi mwongozo huu unafuata utaratibu ambao ningetamani kuupata siku ile. Kwanza ujue gari halisi, kisha uchague mipaka, ujue waliotengeneza, ukague, ununue, utunze. Hatua ya kukagua nitaikalia zaidi, kwa kuwa huko ndiko fedha za watu zinakopotelea.

Neno moja kabla ya kuanza. Ninaposema vigari vya kusubu nina maana ya vile vya metali iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma kigumu, si vya bati lililokunjwa wala vya plastiki. Metali yenyewe ni aloi ya zinki yenye alumini, magnesiamu na shaba. Wengi huiita Zamak, jina lililoundwa na herufi za mwanzo za metali hizo kwa Kijerumani, na Waingereza huiita Mazak. Katika mazungumzo sote tunasema "chuma", na hapa nitafanya hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: lijue gari lenyewe

Rekodi ya kasi ya nchi kavu haipatikani kwa kukimbia mara moja. Dereva hupita kwenye maili au kilomita iliyopimwa, hugeuka, kisha hurudi kutoka upande wa pili ndani ya saa moja. Kinachoandikwa ni wastani wa safari hizo mbili. Ndiyo maana John Cobb, aliyevuka maili 400 kwa saa katika safari moja pale Bonneville, Utah, tarehe 16 Septemba 1947, ameandikwa vitabuni maili 394.2, yaani kilomita 634 hivi.

Kipindi chenye utamu kwa mkusanyaji ni kati ya 1927 na 1964. Henry Segrave aliivuka maili 200 kwa saa katika ufuko wa Daytona, Florida, Machi 1927, akiwa na Sunbeam. Akarudi Machi 1929 na Golden Arrow, akafika 231.45. Malcolm Campbell, ambaye magari yake yote aliyaita Bluebird, alikuwa mwaka huohuo Verneuk Pan, tambarare kame la Afrika Kusini, akijiandaa kuvunja rekodi ya zamani. Habari za Segrave zikamkuta huko, na gari lake halikuweza kuifikia namba mpya. Aliivunja baadaye huko Daytona, akaipandisha kidogo kidogo, hadi 3 Septemba 1935 alipoandika maili 301.13 kwenye chumvi ya Bonneville.

Kisha likaja Thunderbolt la George Eyston, na hapa tutulie kidogo, maana hili ndilo gari linaloonyesha kwa nini historia humlinda mnunuzi. Lilikuwa na injini mbili za ndege za Rolls-Royce aina ya R, lita 36 na ushee kila moja, na magurudumu manane. Novemba 1937 lilifika maili 312. Mwaka uliofuata Eyston alirudi Bonneville akakuta tatizo la ajabu. Mashine ya kupima muda ilitumia jicho la mwanga, na alumini iliyong'arishwa juu ya chumvi nyeupe haikuonekana na jicho hilo. Gari likapita, saa ikabaki kimya. Wakalipaka rangi nyeusi ubavuni, na Agosti 27 likaandikwa 345.5. Tarehe 15 Septemba Cobb akampokonya kwa 350.2. Kesho yake, ndiyo, kesho yake, Eyston akaichukua tena kwa 357.5, safari hii akiwa ameuondoa mkia uliosimama na kuziba pua.

Sasa kitazame kigari cha Dinky namba 23m, kilichotoka mwaka huohuo wa 1938. Ni cha rangi ya fedha, kina mkia uliosimama na bendera ya Uingereza juu yake. Basi hilo ni Thunderbolt la kabla ya kuondolewa mkia, wala si la ile siku ya 357.5, hata kama tangazo la muuzaji linasema hivyo. Mtu akikuletea kisicho na mkia akadai ni toleo adimu la siku ya rekodi, anachouza ni kigari kilichovunjika na kupigwa tupa.

Gari halisi halipo tena. Liliungua New Zealand mwaka 1946, likiwa limehifadhiwa huko baada ya maonyesho. Sababu hiyo pekee inatosha kwangu kukitafuta kigari chake kabla ya vingine vyote.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa Bluebird ya Donald Campbell, mwana wa Malcolm. Gari lake la injini ya tabini ya Proteus lilipinduka vibaya Bonneville Septemba 1960, likaundwa upya na kuongezewa pezi refu mgongoni, na kwa umbo hilo jipya likaandika maili 403.1 kwenye ziwa kavu la Eyre, Australia, 17 Julai 1964. Corgi, watengenezaji wengine wa vigari, walitoa chao namba 153 mwaka 1960. Hesabu mwenyewe kitakuwa na umbo la gari lipi.

Ukipata nafasi ya kusafiri Uingereza, magari halisi yanaonekana kwa macho. Beaulieu kuna Golden Arrow, Sunbeam ya Segrave na hiyo Bluebird ya tabini. Birmingham, katika jumba la Thinktank, kuna Railton, gari la rekodi la Cobb. Coventry kuna Thrust2 na ThrustSSC, hili la mwisho ndilo lililovuka kasi ya sauti Oktoba 1997. Piga picha za ubavuni na za nyuma. Zitakusaidia kuliko katalogi nyingi.

Hatua ya pili: chora mpaka

Usiseme unakusanya "vigari vya rekodi" basi. Utaishia na kabati lenye kila kitu chenye pua ndefu. Njia tatu zimenyooka. Unaweza kufuata familia moja, yaani akina Campbell, baba na mwana. Unaweza kufuata mtengenezaji mmoja, mfano Dinky za mfululizo wa 23. Au unafuata ngazi ya rekodi yenyewe, kigari kimoja kwa kila rekodi, ukikubali kwamba baadhi ya ngazi hazina kigari cha zamani na utajaza pengo kwa kipya.

Mimi nilichagua ya pili, kisha nikaivunja mara mbili. Si dhambi. Ila mpaka ukiwepo unajua kwamba umeuvunja.

Swali moja litakukuta mapema. Je, magari yaliyoshika rekodi za daraja, yaani za ukubwa fulani wa injini, au za masafa, lakini si rekodi kuu, yaingie? Speed of the Wind ya Eyston lilikuwa gari la kukimbia saa nyingi mfululizo, si la kuvunja rekodi ya maili moja. MG ya Goldie Gardner ilivuka maili 200 kwa saa kwenye barabara kuu ya Ujerumani karibu na Dessau Mei 1939, kwa injini ya sentimita za ujazo 1,100 tu, ndogo kuliko ya teksi nyingi za mtaani kwetu. Wenye msimamo mkali wanayakataa. Mimi nayaweka, na hiyo MG naiona ya kustaajabisha kuliko Bluebird yoyote.

Hatua ya tatu: waliotengeneza

Dinky Toys ndio mlango mkuu. Zilitengenezwa na Meccano, kampuni ya Frank Hornby, kiwandani Binns Road, Liverpool. Vya kutafuta ni hivi: 23e, Speed of the Wind, kuanzia 1936, 23m, Thunderbolt, 1938, 23s, ambacho ni kalibu ileile ya Thunderbolt kikiuzwa kwa rangi nyingine na jina la jumla la gari la mashindano, na 23p, MG ya Gardner, 1939. Mwaka 1954 namba zilibadilishwa, 23e ikawa 221 na 23s ikawa 222. Kwa hiyo unapotafuta mtandaoni andika namba zote mbili. Wauzaji wasiojua wanachouza huandika namba iliyoko chini ya kigari tu, na hao ndio wenye bei nzuri.

Vya kabla ya vita na vya baada ya vita ni ulimwengu mbili. Uzalishaji ulisimama wakati wa vita na kurudi mwishoni mwa 1945, na bei ya kigari kilekile hutofautiana sana kwa upande gani wa vita kilitoka. Namna ya kuvitenganisha nitaieleza mbele.

Corgi ni mtoto wa baadaye. Kampuni ya Mettoy ilianza kuviuza 1956, kutoka kiwandani Swansea, Wales. Namba 153 ndiyo ninayomshauri mgeni aanze nayo. Kilitengenezwa kwa wingi, chuma chake ni cha wakati ambao viwanda vilishajifunza usafi wa aloi, na kipo sokoni kila wiki.

Britains, wale wa vijiaskari vya kuchezea vya madini ya risasi, walitoa Bluebird ya Malcolm Campbell na Railton ya Cobb miaka ya 1930. Ni vikubwa kuliko vya Dinky. Vipo ambavyo bodi yake inainuliwa yote ukaona mashine ndani, jambo lililoiga gari halisi, kwani bodi ya Railton ilitolewa kama kawa. Ni vitu vya watu wenye subira na mfuko.

Marekani kulikuwa na Tootsietoy wa Chicago, waliotoa Bluebird ya Daytona katika miaka ya 1930. Ufaransa CIJ walitoa Étoile Filante, gari la tabini la Renault lililokimbia Bonneville Septemba 1956. Na kama mfuko ni mwembamba, Lledo, kampuni iliyoanzishwa na Jack Odell (lisome jina lake kinyumenyume), ilitoa vigari vya magari ya rekodi ambavyo si vya kale wala si adimu, lakini vinajaza ngazi kwa heshima.

Hatua ya nne: kukagua

Fuata mpangilio huu na usiupindue: chuma, ekseli na magurudumu, rangi, bendera na stika, boksi. Soko linaupindua. Minadani boksi zuri linaweza kupandisha bei maradufu au zaidi, na watu hulipa. Lakini boksi zuri lenye kigari kinachooza ndani ni sanda ya bei ghali.

Chuma. Adui hapa ni ugonjwa wa zinki. Aloi ikichanganyika kiwandani na risasi, bati au kadimiamu hata kidogo, uchafu huo hukaa kwenye mipaka ya chembechembe za metali. Unyevu ukiingia, mipaka hiyo inaliwa taratibu kutoka ndani. Metali inavimba, inapinda, inapasuka, mwishowe inabomoka kama biskuti. Haina dawa. Haiambukizi vigari vingine, tofauti na wasemavyo wengi, na wala haihusiani na kutu. Ilizaliwa na kigari siku ya kusubiwa. Vya miaka ya 1930 ndivyo vinavyougua zaidi, na bodi ndefu bapa kama ya Thunderbolt huonyesha haraka.

Dalili zake ni hizi. Kigari hakilali sawa kwenye kioo. Magurudumu yamekaza kwa sababu matundu ya ekseli yamehama. Rangi ina nyufa za mtandao au malengelenge bila alama ya kugongwa. Kingo kali zimekuwa za mviringo. Na dalili nisiyoiacha siku hizi: kigari kimerefuka. Thunderbolt na 23s vina urefu wa sentimita 12.6 hivi. Pima kwa kalipa, kisha pima kingine kilicho kizima cha kalibu hiyohiyo. Kikizidi kwa milimita moja au mbili, usijidanganye kwamba kiwanda kilikosea.

Ufa mmoja mwembamba uliotulia miaka mingi si lazima ukufukuze. Vipo vilivyopasuka kidogo miaka ya 1950 na havijasogea tangu hapo. Ila lipa bei ya kilichopasuka.

Ekseli na magurudumu. Hapa ndipo unapotenganisha kabla na baada ya vita kwa vya Dinky. Ekseli za kabla ya vita ni nyembamba, karibu milimita 1.6. Za baada ya vita ni karibu milimita 2. Rimu za zamani ni laini usoni, za baadaye zina ukingo ulioinuka. Matairi meupe huelekeza kabla ya vita, lakini tairi ni kitu cha kubadilishwa kwa dakika moja, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Tazama ncha za ekseli kwa lenzi. Za kiwandani zimefinywa zikawa kama kichwa cha uyoga mdogo, sawa pande zote. Zikionyesha mikwaruzo ya tupa, au gundi, basi magurudumu yalitolewa, na aliyeyatoa alikuwa na sababu. Mara nyingi sababu hiyo ni rangi mpya.

Rangi. Rangi ya zamani ina tabia ya kubabuka kwenye kingo na kuacha ukingo mkali. Rangi mpya huwa nene ndani ya mifereji, inaziba maandishi ya chini, na mara nyingi imepita hadi kwenye ncha za ekseli. Chungulia ndani ya matundu na chini ya bati la tumboni, mahali ambapo fundi wa kupaka upya huchoka. Silaha bora ni ile tochi ya mwanga wa zambarau anayotumia mwenye duka kukagulia noti bandia. Zima taa, mulika kigari. Ukiona sehemu inang'aa kwa rangi tofauti na mwili mzima, hapo pameguswa. Si uthibitisho kamili, ila ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na muuzaji.

Kwa 23m kuna hila moja ya kuiwazia. Kwa kuwa 23s ilitoka kalibu moja nayo, na bei zao ziko mbali, mwenye rangi ya fedha na karatasi ya bendera anaweza kumgeuza mdogo akawa mkubwa. Soma maandishi ya tumboni kwanza, kisha ekseli, kisha rangi. Vitatu vikikubaliana, endelea.

Bendera na stika. Za zamani zimekuwa za manjano kidogo na zina nyufa zake zenyewe zinazofuatana na za rangi iliyo chini. Bendera nyeupe pe juu ya rangi iliyochakaa ni mgeni.

Boksi. Tochi ileile inafanya kazi vizuri zaidi hapa. Karatasi za kisasa zimetiwa dawa ya kung'arisha weupe, na chini ya mwanga huo hutoa samawati kali. Kadi ya miaka ya 1930 hubaki imefifia. Jua pia kwamba vigari vingi vya Dinky vya wakati ule havikuwa na boksi lake binafsi. Mwenye duka alipokea boksi kubwa lenye kadhaa, akamtolea mtoto kimoja mkononi. Thunderbolt ya 23m ilikuwa na boksi lake. Kwa hiyo mtu anayekuuzia 23s ya mwanzo katika boksi lake zuri peke yake, mwombe akueleze boksi hilo lilitoka wapi.

Hatua ya tano: kununua ukiwa mbali

Kwa msomaji wa Mombasa, Arusha au Muscat, kununua karibu kila mara ni kwa picha. Picha za muuzaji hazikutoshi. Omba hizi, kwa upole lakini bila kuacha hata moja: tumbo lote kwa mwanga wa kutosha, ubavu kigari kikiwa kimelazwa kwenye kioo au meza tambarare, kamera ikiwa chini usawa wa meza, pua na mkia uso kwa uso, ncha za ekseli kwa karibu, na kigari pembeni mwa rula. Kisha uliza maswali mawili kwa maandishi. Je, kimewahi kupakwa rangi au kubadilishwa sehemu yoyote? Je, kina ufa, uvimbe au kupinda? Jibu la maandishi ndilo litakalokusaidia kurudishiwa fedha. "Sijui, ilikuwa ya babu" ni jibu la heshima, lakini bei iendane nalo.

Nyumba za minada za Uingereza zilizobobea katika vitu vya kuchezea, kama Vectis na Special Auction Services, hutoa maelezo ya hali ya kila kitu na hukubali zabuni za mtandaoni. Soma maelezo hayo kama mkataba. Ukiona neno lenye maana ya kurekebishwa au kupakwa upya, hata likiwa mwishoni kabisa, ndilo neno kuu. Na usisahau kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, kisha kodi juu ya kamisheni. Andika kikomo chako kwenye karatasi ukiwa umeshajumlisha hayo yote. Mnada ukiwaka, karatasi ndiyo inayobaki na akili.

Usafirishaji. Mwambie muuzaji kigari kisisafiri ndani ya boksi lake la asili. Kikitikisika humo, masikio ya boksi hukatika na pua hubabuka, ukapoteza viwili kwa mpigo. Kila kimoja kifungwe peke yake kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha ndiyo ile plastiki ya mapovu ije juu yake. Plastiki hiyo isiguse rangi, maana ikikaa muda mrefu kwenye joto huacha alama za duara zisizofutika.

Forodha wataangalia bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, waweke ushuru, halafu VAT juu ya jumla hiyo, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara. Usikubali muuzaji aandike "zawadi" au bei ya uongo ili kukusaidia. Kifurushi kikipotea, bima hulipa kilichoandikwa. Njia ninayoipenda kuliko zote ni mpwa anayerudi likizo na kigari kwenye begi la mkononi, tena ametangaza alichobeba.

Hatua ya sita: kutunza, hasa sisi wa pwani

Joto na unyevu ndivyo vinavyoharakisha ugonjwa wa zinki, na hivyo ndivyo tulivyojaliwa. Lenga unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya mahali pa kuhifadhia. Chumbani kwangu kipima unyevu hushinda juu ya 70 wakati wa mvua, kwa hiyo kabati la wazi ni la kutazamia wageni wakija, si la kuishi vigari. Kila kimoja kina chombo chake cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa mpira, na pakiti ya silika ndani. Nunua silika yenye punje zinazobadilika rangi zikishiba maji, uzikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kisha uzirudishe. Mchele si mbadala. Nilijaribu, nikafuga fukusi.

Naftalini usiweke, mvuke wake unadhuru baadhi ya plastiki na rangi. Kabati la mbao mbichi au iliyonuka varnishi mpya nalo liepuke. Mbao hutoa asidi hewani, na vitu vya risasi, kama vile vya Britains, huota unga mweupe kwa asidi hiyo. Kioo na chuma kilichopakwa rangi ni salama zaidi. Jua la dirishani hupausha bendera kwanza, kisha boksi.

Kusafisha ni kazi ya brashi laini ya rangi za maji, basi. Uchafu mgumu unafutwa na kitambaa kilicholoanishwa kidogo kwa maji ya uvuguvugu, mbali na stika, na kukaushwa papo hapo. Usilowanishe, usipake mafuta, usitie dawa ya kung'arishia shaba. Matairi yaliyokauka yakapasuka yaache kama hayadondoki. Ukiyabadilisha, yale ya asili yatie kwenye mfuko mdogo uliandike namba ya kigari.

Na jambo lisilo la urembo: rangi za vitu vya kuchezea vya wakati ule zilikuwa na risasi, na baadhi ya vigari ni vya risasi vyenyewe. Nawa mikono ukimaliza kuvishika. Mjukuu akililia gari, mpe jipya la dukani.

Hatua ya saba: daftari

Kila kigari kipewe ukurasa wake. Andika namba yake, mahali na tarehe uliyokinunua, bei yote pamoja na ushuru, urefu wake kwa milimita hadi nukta moja, na picha ya ubavuni juu ya kioo. Kila miezi sita pima tena. Ndivyo nilivyogundua kwamba 23e yangu ya kabla ya vita, niliyoiona nzima kabisa, ilikuwa inarefuka. Nilikuwa na muda wa kuihamishia chombo kikavu zaidi, na tangu hapo haijaongeza kitu.

Kikianza kubomoka kweli, usikimbilie gundi. Tone la gundi nyembamba kwenye ufa linaweza kushikilia umbo kwa muda, lakini litamficha mnunuzi wa kesho ukweli, kwa hiyo ukilitia, liandike. Na kikishindikana kabisa, toa ekseli, rimu na matairi kabla bodi haijavivunja, uvihifadhi pamoja na bati la tumboni. Pua ya Thunderbolt yangu ipo kwenye kibati cha kahawa juu ya kabati. Magurudumu yake yako chini ya 23s iliyokuja bila ya kwake, na ukurasa wa daftari unasema hivyo.